Herufi moja tu: historia ya mapatano yaliyovunjika ndani ya R

Wandugu, wale mliofanya agronomia mtakumbuka ule usiku. Namba za shamba zimeisha kuingizwa zote, bloki tatu, mbolea za aina nne, umeandika aov() na kidole kinatetemeka juu ya Enter. Jedwali linatoka. Kama kule mwisho wa mstari kuna nyota, memoire iko. Kama nyota hakuna, unaanza kutafuta maneno ya kumwambia direkteri wako. Macho yote yanaenda kwenye nyota. Hakuna mtu anauliza ni nani aliyehesabu.

Miye vilevile sikuuliza, paka siku paketi moja ya R ilikataa kuingia kwenye mashini yangu, siku chache mbele ya kuweka memoire. Nilikuwa nimenunua forfait ya usiku kusudi nidaunilodi kila kitu. Skrini ilijaa maneno mekundu, na ndani yake kulikuwa maneno ambayo sikuwahi kuyaona katika kozi yetu ya biometria: kompilateri, C, Fortran. Nilifikiri ni virusi. Kisha nilifikiri ni miye ndiye nimeharibu. Yaya mmoja wa politekniki aliangalia, akacheka, akasema: "Hapana, leki, hii si kosa yako. Huyu mwenye kuandika paketi na mwenye kuandika kompilateri hawasikilizane tena." Alinipa njia ya kuzunguka, nikaweka memoire. Lakini ile neno "hawasikilizane" ilibaki kichwani, na baadaye nilianza kusoma. Leo ninawapa sehemu ya yale niliyosoma. Hata kama hamujawahi kuandika programu, musiogope, ni hadithi ya watu wenye kupatana bila karatasi, na hiyo tunaijua sana huku kwetu.

Kwanza tujue R iko nini. Mwaka 1976, kule Marekani, katika maabara ya Bell Labs, John Chambers na wenzake walianza lugha ya kuhesabia takwimu wakaiita S. Ilikuwa nzuri lakini ikawa ya kulipia. Mwanzo wa miaka ya 1990, walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walikuwa na shida ambayo mwalimu yeyote wa kwetu anaielewa: chumba cha ordinateri za Macintosh, wanafunzi wamekaa, na programu ya kufaa ya kufundishia takwimu hakuna. Wakaandika yao. Ilifanana na S kwa sura, na majina yao yote mawili yanaanza na R, basi jina likawa R. Watu wa inje waliijua mwaka 1993. Mwaka 1995 Martin Mächler wa Zurich aliwasukuma waitoe bure chini ya leseni ya GPL, na wakakubali. Mwaka 1997 kikundi cha R Core kikaundwa, na tarehe 29 Februari 2000 toleo la 1.0.0 likatoka. Bila ule uamuzi wa 1995, wengi wetu tungefanya takwimu za memoire kwa programu ya wizi. (Wengine bado wanafanya, najua, sitaji jina.)

Sasa, kitu ambacho wengi hawajui: R haikuandikwa kwa R peke yake. Ile sehemu tunayoiona iko kama kibaraza cha nyumba. Ndani kabisa kuna lugha mbili za zamani, C na Fortran. Ukiandika aov(), aov inaita lm, lm inaingia katika C, na C inaita fonksio ya Fortran inayoitwa dqrls, ambayo nayo inaita dqrdc2. Hiyo dqrdc2 ni kode ya LINPACK iliyobadilishwa kidogo, na kitabu cha LINPACK kilitoka mwaka 1979. Ni kusema nyota yako ya 2024 ilihesabiwa na mistari ambayo mizizi yake iko katika wakati wa wazazi wetu.

Na kama tunaenda mbali zaidi, ile hesabu yenyewe ni ya watu wa shamba. Ronald Fisher aliingia katika stesheni ya kilimo ya Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na mwaka 1923 yeye na mwenzake Mackenzie waliitumia kwa kupima ginsi aina mbalimbali za viazi zinajibu mbolea. Viazi na mbolea! Wenye kusema kwamba takwimu ni kitu cha wahandisi wasome tena.

Turudi kwa kompilateri. Mashini haielewi C wala Fortran. Inaelewa namba zake tu. Kompilateri njo programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza kuwa amri za mashini. Kompilateri ni nyingi, kila kampuni ilikuwa na yake, na kama kila moja ingeelewa lugha kwa njia yake, kode ya Auckland isingetembea Vienna. Njo maana kuna kanuni rasmi, kama vile sheria ya lugha. C ilizaliwa Bell Labs karibu na mwaka 1972 kwa mkono wa Dennis Ritchie. Kitabu chake na Brian Kernighan cha 1978 ndicho kilikuwa sheria kwa miaka kumi na zaidi, na kanuni rasmi ya kwanza ilitoka 1989 kule Marekani, kisha 1990 kwa dunia nzima. Baadaye ikafuata ya 1999, ya 2011, ile inayoitwa C17, na ya mwisho, C23, iliyochapishwa 2024. Fortran ni mkubwa zaidi: IBM waliitoa 1957, na kanuni zake ni za 1966, 1977, 1990 na kuendelea.

Angalieni vizuri: C iko na sheria yake, Fortran iko na sheria yake. Lakini ginsi C inaweza kuita Fortran, ile njia ya katikati ya nyumba mbili, haikuandikwa katika sheria yoyote. Paka mwaka 2003 njo Fortran ilipata njia rasmi ya kuongea na C. Mbele ya hapo ilikuwa mapatano ya midomo. Kama vile mpaka wa mashamba mawili ambao babu wawili walipatana kwa mti mmoja. Babu walikufa, mti uko, kila mtu analima kwake, hakuna mtu anauliza. Shida inaanza siku mmoja anataka kung'oa ule mti.

Na mti wetu ulikuwa herufi moja.

Ndani ya R, hesabu nyingi za matrisi zinafanywa na LAPACK, mkusanyiko wa fonksio za Fortran uliotoka mwaka 1992. Fonksio hizi zinapenda kupewa herufi moja kama alama. Kwa mfano unaiambia "U" kama unatumia nusu ya juu ya matrisi, "L" kama ni nusu ya chini. Sasa, kwa Fortran neno lolote linatembea na urefu wake. Ukiipa Fortran neno, kompilateri inaongeza kwa siri, mwishoni mwa vitu vyote, namba moja ya kusema neno hili lina herufi ngapi. Mwandishi wa Fortran haandiki ile namba, kompilateri inaiweka yenyewe. Lakini mwandishi wa C, anayeita kutoka nyumba ya jirani, lazima aiandike mwenyewe.

Hawakuandika. Na si R peke yake. Walisema hivi: herufi ni moja, urefu ni moja siku zote, na LAPACK haisomi ile namba hata mara moja, basi kwa nini tujisumbue? Hata viunganishi vilivyojulikana sana vya C kwenda LAPACK na BLAS vilifanya vile. Miaka makumi ilipita. Mashini za kila aina zilifanya kazi. Nani angesema kuna kosa? Kwa kitabu lilikuwa kosa. Kwa shamba, mavuno yalikuwa yanaingia.

Mwanzo wa 2019, wenye kutengeneza GCC, kompilateri ya bure ambayo karibu Linux yote inaitumia, waliingiza sahihisho dogo upande wa Fortran. Lilikuwa la kutengeneza kosa lingine kabisa. Lakini lilifanya kompilateri ijue vizuri zaidi vitu gani kila fonksio inapewa, na kompilateri yenye kujua zaidi inapata ujasiri wa kufupisha njia. Baada ya hapo, paketi kadhaa za R zilianza kuanguka. Jana zilifanya kazi, leo zinakufa, na hakuna mtu aliyegusa hata mstari mmoja wa R.

Mwenye kuifuata ile alama ya mguu alikuwa Tomas Kalibera, mmoja wa R Core. Alishuka kutoka R, akaingia katika C, akaingia katika Fortran, mwishoni akawa anasoma amri za mashini moja moja. Ninapenda sana ile kazi, na nitajaribu kuieleza polepole, kwa sababu hapa njo utamu wote uko.

Kuna fonksio ya LAPACK inaitwa dposv. Inasuluhisha aina fulani ya mfumo wa hesabu ambayo inakuja mara nyingi katika takwimu. Inapewa vitu vinane, na cha tisa ni ile namba ya siri ya urefu. Kwenye mashini zetu za kawaida, vitu sita vya kwanza vinabebwa mkononi, yaani ndani ya prosesa yenyewe. Vya kubaki vinawekwa katika visanduku vilivyopangwa mfululizo ndani ya memwari. Kwa hiyo dposv inategemea kukuta visanduku vitatu: kitu cha saba, cha nane, na ule urefu. C ya R ilipanga viwili tu, juu haikutuma urefu. Na kisanduku cha tatu? Kipo, memwari haiishi pale. Lakini ni cha yule aliyeita, ameweka humo vitu vyake mwenyewe.

Kwa miaka yote, dposv haikufungua kile kisanduku. Basi hakuna shida.

Sasa, kazi ya mwisho ya dposv ni kuita fonksio nyingine, dpotrs, na kuipa vitu vilevile: nane, na urefu. Kompilateri mpya ilijiambia: kwa nini nipange visanduku vingine? Nitumie vilevile nilivyopewa, niandike urefu katika cha tatu, kisha niruke moja kwa moja kwa dpotrs bila kurudi. Ni njia ya mkato, nzuri kabisa, inaokoa nafasi na wakati. Na kwa sheria ya Fortran, ni haki yake: visanduku vya kupewa ni vyake, anaweza kuviandika. Akaandika 1 katika kisanduku cha tatu. Ndani ya kisanduku cha jirani.

Yule wa C anaporudiwa, anafungua kisanduku chake kuchukua kitu alichoweka, labda anwani ya matrisi, anakuta 1. Wakati mwingine programu inakufa pale pale. Hiyo njo baraka. Wakati mwingine, na hapa tuketi kidogo, kile kilichokuwa ndani hakikuwa anwani, ilikuwa namba ya hesabu. Programu haifi. Inaendelea na ile 1 kama vile ni namba ya kweli, na mwishoni inakupa jedwali safi, lenye mistari iliyopangwa vizuri.

Sisi wa agronomia tunajua hofu ya namba mbaya. Mizani ya maabara ikilala upande, uzito wa mahindi wote unalala nao, na hakuna kitu katika daftari kinachokuonyesha. Tofauti ni kwamba mizani unaweza kuipima na jiwe la kilo moja. Kompilateri utaipima na nini? R inajibu kwa majaribio: kila paketi iliyo kwenye CRAN, ule mtandao wa paketi ulioanzishwa 1997 na watu wa Vienna, inajaribiwa kila mara na kompilateri za kila aina, hata zile ambazo hazijatoka bado. Yale majaribio njo yalipiga kelele mwaka 2019. Kama wangengoja sisi tulie, wangengoja sana. Sisi tungesema ni courant, au ni virusi kama miye.

Kisha yakaja mabishano, na kwangu hii ni sehemu ya pili ya utamu. Nani atengeneze? Watu wa GCC wangeweza kusema: kitabu kiko wazi, nyinyi hamutumi urefu, shida ni yenu. Walikuwa na haki. Watu wa R na wa mahesabu kwa jumla wangeweza kusema: kode imefanya kazi miaka makumi, iko fasi zote duniani, huwezi kuamka asubuhi na kuvunja programu za watu wote juu ya njia ya mkato. Na wao vilevile walikuwa na haki ya aina yake, haki ya mtu aliyelima shamba muda mrefu bila mtu kumkataza.

Nimeona kesi za mashamba zikikaa miaka kumi kwa mabishano ya namna hiyo. Hii ilichukua muda mfupi, na sababu moja, ninafikiri, ni kwamba Kalibera hakuja na kilio. Alikuja na ile hadithi ya visanduku, amri kwa amri, na mara moja alikubali kwamba kwa kitabu kosa ni la upande wa C. Ukianza kwa kukubali sehemu yako, jirani anakaa chini. GCC wakaweka kizuizi: kompilateri isichukue ile njia ya mkato kwa fonksio zenye kupewa herufi na kuita nyingine ambazo haina maelezo yake kamili. Kizuizi kiliwekwa kiwe wazi tangu mwanzo, bila mtu kukiomba. Na wakaongeza kifaa cha pili: kompilateri ya Fortran inaweza kumwandikia mtu wa C, katika lugha ya C, ginsi kila fonksio inapaswa kuitwa, pamoja na ule urefu wa siri. Ni kama jirani anakupa ramani ya mpaka, amechora mwenyewe.

Upande wa R walifanya vitu viwili. Kwanza dawa ya haraka: R inapojengwa na gfortran, inaiambia kompilateri iache njia za mkato za aina ile. Mashini inakwenda polepole kidogo sana, lakini hakuna mtu anayeandikiwa 1 nyumbani kwake. Wengi wangeishia hapo, kusema kweli. Dawa inafanya kazi, tulale.

Hawakuishia hapo. Mwisho wa 2019, na toleo la 3.6.2, walitoa njia rasmi ya kutuma ule urefu, na wakaanza kupita katika kode, fasi kwa fasi, kila mahali C inatuma herufi kwa Fortran, wakaongeza neno moja: FCONE. Maana yake, "na urefu wa Fortran, ambao ni moja". Hata aina ya namba yenyewe ilibidi ifikiriwe, juu GCC ya 2018 ilikuwa imebadilisha ukubwa wake, kwa hiyo waliiwekea jina, FC_LEN_T, kusudi kesho ikibadilika tena wabadilishe fasi moja tu. Ni kazi ya kuchosha. Haina sifa. Hakuna kitu kipya ambacho mtumiaji anaona: jedwali lilelile, nyota ileile. Kisha wakawaambia wenye paketi wote nao wafanye vile.

Na wenye paketi ni watu wa namna gani? CRAN leo ina paketi zaidi ya 20,000. Nyingine zinatunzwa na timu kubwa. Nyingine ziliandikwa na mwanafunzi wa doktora ambaye sasa anafanya kazi benki, hasomi tena ile imeili. CRAN inaandika: kode yako haipatani na kompilateri mpya, tengeneza mbele ya tarehe fulani. Asipojibu, paketi inawekwa kando, katika hifadhi. Watu wengi wanailalamikia hii sheria na kusema ni ngumu. Miye nilikuwa katika hao, juu paketi yangu ya memoire ilikuwa imewekwa kando kwa njia ile ile, na nilikuwa ninaidaunilodi kutoka hifadhi bila kujua maana ya hifadhi. Leo niko katikati. Ninaona uchungu wa mwanafunzi mwenye megabaiti mia mbili na siku tatu. Lakini fikiria ile 1 katika kisanduku.

Hadithi ya 2019 si ya peke yake, ni ile tu iliyo wazi zaidi. Mwaka uliofuata GCC 10 ilianza kukataa kode ya Fortran inayoita fonksio moja na vitu vya aina mbili tofauti, jambo ambalo kode za zamani za wanasayansi zimejaa. Mwaka 2023 clang 16, kompilateri nyingine kubwa, ilikataa kuita fonksio ya C ambayo haijatangazwa, na mwaka 2024 GCC 14 ikafanya hivyo hivyo. Hii kanuni ilikuwa katika kitabu tangu 1999! Kompilateri zilivumilia miaka makumi mbili na zaidi, zikipiga mlango polepole kwa maonyo ambayo hakuna mtu aliyasoma.

Ya karibuni inahusu mabano mawili matupu. Katika C ya Ritchie, ukitangaza fonksio na kuandika () bila kitu ndani, ulikuwa unasema: sijui inapewa nini, tutaona. C23 imebadilisha maana. Sasa () ni kusema: haipewi kitu, hata kimoja. Maandishi ni yale yale, maana imegeuka. R ilikuwa na ile mabano tupu katika mlango wake mkubwa kabisa, pale inapoita kode ya paketi: fonksio ya paketi inaweza kupewa vitu sifuri paka 65, na R mbele ya wakati haijui ni vingapi, njo maana mabano yalikuwa tupu. Ndani ya kode kuna orodha ndefu ambayo inakufanya ucheke: kama vitu ni kimoja, ita hivi, kama ni viwili, ita hivi, na kuendelea, mpaka 65. Chini ya C23 ule mlango haufunguki bila kupewa tangazo jipya.

Tena C23 ilichukua maneno bool, true na false kuwa maneno ya lugha yenyewe. Kode za zamani, ambazo zilijitengenezea yao kwa mkono juu C ya wakati ule haikuwa nayo, zikaanza kugongana na sheria. Ni kama mtu aliyejichimbia kisima, na serikali inaleta bomba likipita katikati ya kisima chake. R 4.5.0 ya Aprili 2025 inatafuta C23 kwanza kama kompilateri inaiweza, na paketi ambayo haiko tayari inaruhusiwa kuandika kwamba bado inaomba C17. Mwezi huohuo GCC 15 ilitoka, na kwake C23 ndiyo ya kawaida. Safari hii R haikungoja paketi zianguke ndipo ishituke. Ninaona 2019 iliwafundisha kitu.

Swali ambalo leki mmoja aliniuliza niliposimulia haya: basi zile memoire za mbele ya 2019 ni uongo? Hapana. Njia ya mkato haikuwapo katika kompilateri za zamani, kwa hiyo kisanduku hakikuguswa. Na wengi wetu tunatumia Windows, ambapo R na paketi zinakuja zimepikwa tayari na watu wa CRAN. Wenye Linux ndio mara nyingi wanapika nyumbani kwao, njo wanaona moshi. Aov yetu ya kawaida inapita katika dqrdc2, ambayo haitumi herufi yoyote. Hatari ilikuwa kwa modeli nzito zaidi, kwa muda mfupi, na kompilateri fulani.

Lakini ona maana yake: ili nimjibu leki, ilinibidi nijue toleo la R, la paketi, na la kompilateri. Katika memoire yangu niliandika "data zilichambuliwa kwa programu ya R", basi. Hakuna toleo, hakuna mwaka. Juri haikuuliza. Kama leo mtu aniulize kompilateri gani ilipika ile paketi ya usiku ule, sina jibu, na ile mashini iliuzwa. Wanaoandika sasa: andikeni sessionInfo() na kuweka matokeo yake katika viambatisho. Ni nusu ukurasa.

Nilirudi kusoma maelezo ya gfortran hivi karibuni, pale wanapoeleza kile kizuizi cha 2019. Wameandika kwamba ni vizuri sana kutengeneza kode yenyewe kuliko kukitegemea, na kwamba kwa sasa kizuizi kiko wazi, lakini hii itabadilika katika matoleo ya mbele. Miaka imepita, bado kiko wazi. Mti bado umesimama pale, na mwenye shoka amesema wazi kwamba atarudi.